Papa Pole, Papa Radi na Mashine Uliyoichukua

Yaya wangu, kaka yangu mkubwa,

Ulinisema mbele ya watu, na mimi nakujibu mbele ya watu. Ule ujumbe wa sauti uliouweka kwenye kundi la familia, shangazi zetu wa Ngungu wameusikia, binamu zetu wa Masisi wameusikia, hata yule shemeji ambaye hajibu salamu za Noeli aliuwekea kidole gumba juu. Kwa hiyo barua hii naiacha wazi, asome anayetaka. Mimi ni mdogo wako wa tumbo moja, niliyebaki Nyabiondo na ukumbi wetu wa sinema na mashine yake ya kuonyeshea picha wakati wewe ulipoenda Walikale kufungua wa kwako kwenye machimbo. Nimenyamaza vya kutosha.

Ulisema hivi, na siongezi neno: "Mwanamuke hawezi kuelezea batu sinema ya vita. Na ule Papa Pole wako analalisha batu. Tuma mashine huku, batu ba huku banataka Papa Radi. Weye funga ile nyumba, uuzishe maziwa sawa bamama bengine."

Maziwa! Mimi ambaye hata ng'ombe wa babu walikuwa wanakataa kusimama nikiwashika. Umesahau wewe ndiye uliyekuwa unanifukuza zizini?

Naona umesahau mengi. Hayo majina ya Papa Pole na Papa Radi tuliyatunga pamoja, tukiwa tumekaa juu ya gunia la maharagwe, tukingoja mvua ipungue kwenye shitingi, lile turubai lililokuwa paa letu kabla ya bati. Filamu zilikuja bila majalada, na majina ya waongozaji yalikuwa yameandikwa kwa herufi za Kichina ambazo mimi na wewe tulikuwa tunazitazama tu. Tukawajua wale wawili kwa mkono wao, kama mtu anavyojua sombe hii ya majani ya muhogo imepikwa na nani kabla hajaambiwa. Ukiona dakika za mwanzo unasema, huyu ni yule wa jana. Na hukukosea hata mara moja, hilo nakupa.

Papa Radi picha yake haikai. Mkono, jicho, risasi, kioo, mkono tena. Kabla hujajua aliyepigwa ni nani, wengine wameshaanguka na gari liko hewani. Shujaa wake hatoki jasho. Bastola yake haiishi risasi. Na barabara zake, yaya! Hazina matope. Unakumbuka siku tuliyotoka Ngungu na pikipiki ikazama mpaka kwenye tangi, tukaisukuma mchana kutwa, halafu Jumapili iliyofuata tukamwona mtu wa Papa Radi anaruka daraja na gari bila hata kufunga mlango? Ukumbi mzima ulilia kwa kicheko. Ukapaza sauti kwenye mikro: "Huyu aletwe hapa kwetu, tumuonyeshe barabara!" Nampenda Papa Radi kwa siku kama ile, sikufichi.

Papa Pole yeye anaweka kamera mlangoni, anaiacha. Watu wawili wanaingia. Unawaona mpaka miguu, unamwona anayeogopa na anayejifanya haogopi. Wanapigana bila picha kukatwa, wanachoka kweli, mmoja anaegemea ukuta anahema. Na mtu akianguka, kamera haimkimbii. Inabaki naye. Wenzake wameondoka, vumbi limetulia, kamera bado iko pale.

Hapo ndipo wewe ulipokuwa unashindwa. Usikasirike, nasema ninachokijua. Kazi yetu ya ukalimani ni kusimama kando ya shuka la picha na mikro, kuwaelezea watu sinema iliyo katika lugha ambayo hata sisi wenyewe hatuijui. Kwa Papa Radi kazi hiyo uliiweza kuliko mtu yeyote kutoka hapa mpaka Masisi. Kwa Papa Pole, picha ikinyamaza tu, wewe unatafuta cha kuijaza. Ndivyo ulivyotuletea yule mzee mwenye ndevu. Alikuwa amekaa zake kimya anakunywa chai, filamu haisemi lolote, na wewe ukaona aibu ya ule ukimya, ukasema: "Huyu njo baba mudogo wa shujaa. Njo alimuuzishia kilima ya babu yake." Watu wakaguna. Kuuza kilima cha ukoo, hapa kwetu! Kuanzia hapo mzee wa watu hakupata amani tena. Baadaye akaja katika filamu nyingine akiwa daktari, anatibu watoto, na watu wa Nyabiondo wakakataa katakata. "Muzuri gani? Aliuzisha kilima ya ndugu yake!" Mpaka leo akitokea wanamzomea. Nilipoiona ile filamu ya chai huko Goma, yenye maandishi ya Kifaransa chini, nikagundua kwamba alikuwa jirani tu. Hakuuza hata bustani.

Nilicheka peke yangu mpaka watu wakanigeukia. Nilikukumbuka sana siku ile, yaya.

Ndipo ukaanza kuniachia filamu za Papa Pole. Ulinipa mikro kama mtu anayempa mwenzake sufuria lenye ukoko alisugue. "Hizi za kulala, fanya weye," ukasema, ukaenda kuvuta hewa nje. Hukuwahi kukaa kunisikiliza. Kama ungekaa, ungejua kwamba mimi sikuzijaza. Nilisema palipokuwa na la kusema, kisha nikakaa kimya pamoja na watu.

Ulipoondoka kwenda Walikale niliendelea hivyo hivyo. Sasa nataka ujue jambo lililotokea hapa, kwa sababu shangazi hawakukuambia. Unamjua Mama Sifa, anayeuza mandazi mlangoni petu. Unajua pia kwamba mwanawe alienda njia hiyo hiyo ya Walikale uliyoipita wewe, akauawa barabarani na watu wenye bunduki, na mwili wake haukuletwa. Kilio chake walikikalia bila maiti. Mama Sifa hakuwa anaingia ndani. Alikuwa anasikia sinema kutoka mlangoni, akigeuza mandazi yake.

Siku hiyo mvua ilimwingiza ndani. Tulikuwa na Papa Pole. Askari mmoja, hata si mtu mkubwa katika hadithi, anapigwa kwenye shamba la mpunga, anaanguka. Wenzake wanakimbia. Kamera inabaki. Upepo unapeperusha shati lake. Kisha mama mmoja mkulima, ambaye hatujamwona kabla na hatutamwona tena, anatoka upande, anavua kitambaa chake, anamfunika yule askari, anarudi shambani. Basi. Hakuna muziki.

Mama Sifa akasimama. "Rudisha pale."

Vijana wakaanza kupiga miluzi, wanataka tuendelee. Akawageukia. "Nimesema irudishwe. Niko mama yenu."

Nikairudisha. Mara ya pili sikusema neno lolote. Alikuja mbele mpaka karibu na shuka, taa ya mashine ikampiga mgongoni, akasimama kumtazama yule mtu akifunikwa. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa: "Labda na wangu bilikuwa vile. Labda kuko mama mumoja alimufunika." Akaketi kwenye benchi la mbele kati ya vijana, wakasogea kumpa nafasi, na hakuna aliyepiga mluzi tena mpaka mwisho.

Mimi nililia na mikro mkononi, na watu wote wakasikia. Sioni haya.

Wewe una hoja yako, naijua, ulinipa mara nyingi. Unasema watu wa hapa wameona vifo vya kutosha, wamekimbia milima hii na vitanda kichwani, kwa hiyo wape Papa Radi, kwake kufa hakuumi. Ni hoja ya mtu mwenye huruma, na ndiyo maana sikukujibu vibaya siku zile. Lakini sikubaliani nayo. Hapa kwetu mtu anaanguka na hakuna anayesimama. Wote tunakimbia, tuna haki ya kukimbia. Halafu tulipie kiingilio tuone tena watu wanaanguka na kamera nayo inakimbia? Mimi namtaka yule mwongozaji mmoja anayesimama. Hata kama anasinzisha wachache. Wasinzie.

Haya, tuje kwenye mashine. Baba yetu mdogo alisikia ujumbe wako, akaita familia, akasema mkubwa amekwisha kuamua. Nikauliza kama mdogo aliyeibeba mapajani kutoka Goma mpaka hapa hana neno. Nikajibiwa nisiwe na mdomo. Ukamtuma motari wako na pikipiki, nikampa. Niliifunga vizuri isilowe, kwa sababu mashine haina kosa. Na wewe ukafikiri ukumbi umefungwa.

Haukufungwa. Sikiliza vizuri hapa.

Jumapili baada ya ibada nilienda kufagia tu, maana sikujua mikono niiweke wapi. Nikakuta watu wameshakaa. Mama Sifa alikuwa ndani. Nikawaambia mashine iko Walikale kwa yaya, hakuna sinema. Mzee mmoja akaniuliza: "Mashine ilienda. Na weye ulienda nayo?" Nikasema hapana. "Basi elezea."

Nikasimama kando ya shuka tupu. Hata mikro haikuwa na moto wa umeme. Nikawaelezea Papa Pole, ile ya mganga anayerudi kijijini kwake, kuanzia mlango unapofunguka. Nikawaonyesha nani amesimama wapi, nani anaogopa. Nikafika kwenye mapigano, nikayaelezea hatua kwa hatua, maana yanaelezeka, unajua mtu alikuwa wapi na ameenda wapi. Na alipoanguka yule mdogo wa mganga, nikanyamaza, kadiri Papa Pole anavyonyamaza. Yaya, walikuwa wanatazama shuka. Shuka jeupe lisilo na kitu, wote wanalitazama, na mama mmoja akajifunika mdomo.

Tulipomaliza, sauti ikatoka nyuma: "Sasa tupatie na ya Papa Radi." Ni nani? Ni motari wako! Alikuletea mashine, akageuza pikipiki, akaja kukaa kwenye benchi langu. Nikasema sawa, mimi si mchoyo. Nikajaribu kwa moyo wote. "Gari inaruka. Inawaka. Ingine inaruka. Mutu anapiga, wale banaanguka. Ingine tena inaruka." Walicheka mpaka bati likalia, na mimi nikacheka, nikashindwa, nikaacha. Kilichobaki cha Papa Radi ukiondoa picha ni magari matupu.

Kwa hiyo sitafunga, na sitauza maziwa. Mwambie baba mdogo, waambie shangazi, na yule shemeji aweke kidole chake popote anapotaka. Usifikiri nimeandika kwa chuki. Nakupenda, na ninaogopa kila nikisikia habari za njia ya kwako, na sauti yako ikipiga kelele ya magari naikosa humu ndani kila wiki. Njoo siku moja salama, ukae kwenye benchi kama watu wengine, unisikilize mpaka mwisho, kitu ambacho hujawahi kufanya.

Kabla ya hapo nakuomba jambo moja tu. Zima hiyo mashine. Simama mbele ya wachimbaji wako mchana kweupe, mikono mitupu, uwaelezee Papa Radi kwa mdomo wako. Uhesabu wanaobaki kwenye mabenchi, kisha unitumie jibu kwenye kundi la familia, wote wasikie.

Mimi Jumapili saa tisa ninaanza, na nafasi zimejaa.

Kaa salama huko msituni,

Mdogo wako wa kike,
mkalimani wa Nyabiondo