Pistoni ya Bunduki ya Babu

Madawaska,
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu mpendwa Renaud,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba huko kwenye karakana yenu ya meli bado hujajiunguza na moto wa kuchomelea. Sisi tu wazima. Mama anasumbuliwa na goti tangu tuanze kuvuna viazi, lakini kila asubuhi anakaanga chapati za ploye za kulisha kanisa zima, halafu anashangaa zinabaki. Sahani yako bado iko mezani. Akiulizwa, anasema amesahau kuiondoa.

Habari kubwa ni kwamba jina la Baba limetoka kwenye bahati nasibu ya vibali vya kuwinda musi, wale swala wetu wakubwa kuliko farasi. Amekuwa akiomba tangu sijazaliwa! Alicheza na Mama jikoni, goti na yote. Kisha akaitoa bunduki ya Babu, ile inayojipakia risasi yenyewe, akaenda kuijaribu kwenye shimo la changarawe pamoja na Mjomba Fernand. Nikawafuata. Ilipiga mara moja ikakwama, ganda tupu limebanwa nusu ndani nusu nje. Baba akalichokoa kwa kisu, akajaribu tena, yaleyale. Mjomba alicheka mpaka akaegemea gari. Alisema hiyo si bunduki, ni jogoo mzee, anawika mara moja anarudi kulala. "Shemeji," akasema, "nipe huyo jogoo nikupe yangu ya kukoki kwa mkono, usije ukamchekesha musi wa watu."

Baba akakubali, wabadilishane Jumamosi. Nilipomkumbusha kwamba Babu alikupa wewe bunduki ile, mbele yetu sote, alisema aliyehama hana bunduki katika nyumba hii.

Unanijua, Kaka. Mimi hata kuagiza soda dukani naona aibu. Lakini maneno yale sikuyakubali. Siku ya pili nikaipeleka bunduki kwenye ghala la viazi, nikahakikisha haina risasi, nikafungua ule mti ulio chini ya mtutu. Kumbe kazi yote inafanywa na moshi! Mtutu una tundu dogo kama kichwa cha kiberiti. Risasi ikishalipita, moshi wa moto wa baruti unashuka kupitia pale na kuisukuma pistoni. Pistoni inasukuma komeo nyuma, ganda linaruka nje, springi inarudisha komeo na risasi mpya. Basi. Lakini pistoni yetu ilikuwa imeganda kama kijiko kwenye molasi ya baridi. Baba anaipaka mafuta kila mwaka kama anavyopaka mashine ya kuvunia viazi, na mafuta yale yanaungua pamoja na masizi mpaka yanakuwa lami. Bunduki haikuwa mbovu. Ilikuwa imekabwa.

Niliikwangua kwa brashi ya shaba, nikazibua tundu, nikaikausha mpaka ikawa inateleza yenyewe nikiinamisha mtutu. Wakati wa chakula, Mjomba naye akiwa mezani, nikawaambia. Kwa Kifaransa chetu cha nyumbani sauti haikutoka, kwa hiyo nikasema kwa Kiingereza cha shule, haraka haraka, macho kwenye sahani: pistoni ile inatakiwa ikae kavu. Mjomba akauliza tangu lini msichana anayejificha padri akija amekuwa fundi wa bunduki. Baba alisema hajawahi kuona chuma kinachokataa mafuta. Ijumaa, ili amkabidhi Mjomba ikiwa inang'aa, akaimiminia mafuta tena, kote kote.

Jumamosi Mjomba alikuja na bunduki yake begani. Akaufungua ule mti ili amwonyeshe Baba uchafu wa mashine za namna hii, akakuta pistoni haipo. Wote wawili wakanigeukia. Safari hii, Kaka, nilisema kwa Kifaransa: nimeitoa mimi, na siirudishi. Bila hiyo bunduki isipigwe, moshi utaunguza mti. Mjomba akasema hawezi kubadilishana na kitu kisicho na matumbo, akaondoka na yake. Baba amepekua hata pipa la unga. Ameniuliza iko wapi, nikamjibu iko kwa mwenyewe. Hakunikemea. Nilikuwa nimejiandaa kukemewa.

Sasa nikuungamie. Iko ndani ya kisanduku hiki, kwenye soksi yako ya kijani, nimeifuta mafuta yote. Na sikufanya hivi kwa ajili ya bunduki peke yake. Tangu mgombane na Baba, watu watatu tunakula tukisikilizana kutafuna. Wewe hupigi simu, yeye hakutaji. Mmekwama wote wawili, na nimechoka kuwa ndiye anayeona aibu kwa niaba yenu.

Usithubutu kuirudisha kwa posta, nitaitupa mtoni, naapa. Msimu unaanza Jumatatu, si ya kesho, ile inayofuata. Baba hajawahi kuazima bunduki ya mtu na hataanza sasa, kwa hiyo anakaa tu, anaangalia barabara, anasema anaangalia hali ya hewa.

Mama anakusalimu, hajui ninakuandikia. Wasalimie wenzako wa karakana. Ilete mwenyewe. Kavu.

Mdogo wako asiyeomba radhi,
Noémie