Mtani Aliyeitwa Mumiani

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako ilifika, marahaba. Hapa Vuga tu wazima, na mapeasi yangu mwaka huu hayana mpinzani.

Unauliza kama kweli mumiani walinyonya damu za watu. Enzi za Ujamaa alikuja mganga wa serikali kutupima damu. Alikuwa Mzigua, na Wazigua ni watani wetu, basi akatania: "Leteni vidole, leo nakunywa damu ya Wasambaa!" Vijana hawakujua kabila lake. Wakamzingira na mapanga. "Mumiani huyo!" Maskini, kisanduku chake cha vipimo kikamponyoka.

Mimi, wala sijisifu, nikapenya katikati na baba yako mgongoni. "Wewe Mzigua mwenye njaa," nikamwambia, "damu ya mwanangu huiwezi, itakulewesha!"

Wazee wakaangua kicheko. "Kumbe mtani!" Mapanga yakashuka. Baba yako akachomwa kidole, tone moja tu, wala hakulia. Nani mwingine ana mtoto kama huyo?

Lakini usiwacheke wale vijana. Babu zao walichukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Mjerumani, hawakurudi, na hakuna aliyekuja kueleza walikoishia.

Mwisho akaja mama mkwe wangu. "Nichome, baba, ila kwanza niambie damu yangu inakwenda wapi."

Mzigua akaacha utani. Akamweleza kila kitu taratibu, tangu kioo cha kupakia tone la damu mpaka hospitali ya Lushoto linakopimwa. Ndipo bibi yule akanyoosha kidole.

Bwana akutunze huko Dodoma.

Bibi yako