Ombi Nililolitoa Bila Kumwuliza Mwenyewe

Jumatatu, saa kumi na moja jioni, Ogembo. Mvua imepiga mabati tangu saa nane na wateja wamekwama huko waliko. Niko peke yangu na cherehani, sare sita za shule ambazo hazijawekwa mifuko, na redio ambayo nimeizima.

Nimeizima mwenyewe. Kama unanijua, hapo tu umeshajua kuna kitu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kikisii ningelia kabla sijafika katikati.

Kuna mtangazaji wa kipindi cha asubuhi kwenye redio yetu ya Kikisii. Nitamwita Nyaberi, ingawa si jina lake. Kwa miaka mitano ndiye amekuwa akituamsha. Giza likiwa bado nje anatusalimia, "Bwakire buya," na nyumba zote huku zinamwitikia kana kwamba ameingia mlangoni. Anatangaza vifo, anatangaza ng'ombe waliopotea, halafu anamsalimia mama yake aliye Nyansiongo: "Mama, chai yangu weka, Jumapili nakuja." Kila siku maneno hayo hayo. Nami kila siku napuliza makaa ya pasi nikitabasamu kama mjinga.

Tena tuna kundi la mashabiki wake. Wageni hucheka wakisikia watu wazima wana kundi la kumpenda mtangazaji, lakini huku ni jambo la kawaida kabisa. Mwanachama akifiwa tunaenda, akijifungua tunaenda, na Nyaberi anatutaja hewani mmoja mmoja. Mimi nilikuwa katibu. Ndimi pia niliyeshona sare ya kundi, ya samawati, redio ndogo imedariziwa mfukoni. Mwaka jana nikamshonea yeye koti la kijivu, zawadi yetu sote.

Siku ya kumpima lile koti nilisikia harufu. Tumbaku, na juu yake peremende za mnanaa. Fundi wa nguo hujua mambo mengi ya watu kwa pua. Nikanyamaza, nikaendelea kuandika vipimo. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilikuwa na akili.

Mwaka huu akaanza kukohoa. Kwanza alikuwa akizima kipaza sauti, tunasikia kimya kidogo, kisha anarudi na kicheko. Baadaye kimya kikawa kirefu na kicheko kikawa kifupi. Kundi likawaka moto kwenye simu. Tangawizi, asali, ndimu, vitunguu saumu. Mmoja akasema ni vumbi la mjini, mwingine akasema amerogwa na wenzake wanaokitaka kile kipindi. Kuna mama wa Kiogoro aliyekuwa akihesabu kikohozi kila asubuhi na kutuandikia: leo saba, leo kumi na moja. Na sisi, haki ya Mungu, tulikuwa tunamshukuru kwa kazi nzuri.

Tulimpenda. Nataka hilo lieleweke, ingawa sijui linasaidia nini.

Kama mwezi mmoja uliopita nilienda Kisii mjini kununua uzi na zipu. Nikapita uchochoro ulio nyuma ya jengo lao la redio, njia ya mkato ya kwenda dukani. Nikamkuta ameketi kwenye ngazi za nyuma, sigara mkononi. Alivyoniona akaificha mgongoni upesi, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, moshi unamtoka puani huku anajaribu kunisalimia.

"Fundi, usiniangalie hivyo."

Nikamwambia siangalii kitu, naenda zangu kununua uzi. Lakini akaanza kuniambia bila hata kuulizwa, nadhani alikuwa amechoka kukaa nalo peke yake. Alikuwa akimaliza pakiti nzima kwa siku, sasa amefika sigara tatu. Kuna daktari anamsaidia kupunguza polepole. Amepigwa picha ya kifua na anangoja majibu.

"Nipe muda tu," akasema. "Na nakuomba, Fundi, mama yangu asisikie. Hii vita niachieni nipigane nayo mwenyewe."

"Nani atamwambia?" nikamjibu. "Mimi?"

Ndiyo. Mimi.

Nilikaa na hiyo siri siku tisa. Hata maandazi yangekaa zaidi.

Ijumaa jioni sisi akina mama wa kanisa hukutana kuifungua Sabato, jua likitua, na kila mtu hutoa ombi lake. Sasa hapa lazima nieleze kitu ambacho sijawahi kukisema kwa sauti. Kwetu kusengenya ni dhambi na kila mtu anajua. Lakini ombi la maombi halina dhambi. Unaweza kulibeba jambo la mtu ambalo usingethubutu kulitaja sokoni, ukalifunga kwa "tumkumbuke ndugu yetu," na wenzako watakuitikia amina na kukupa pole kwa mzigo ulio nao. Tumelelewa hivyo. Kwa njia hiyo nimesikia ndoa za watu zikivunjika, mimba za mabinti wa watu na magonjwa ya watu tangu nikiwa mdogo. Sikuwahi kujiuliza kama wenyewe waliulizwa.

Zamu yangu ilipofika nikasema: "Tumwombee ndugu mmoja anayetuamsha kila asubuhi. Sigara imemfunga, na kifua chake kimepigwa picha."

Sikutaja jina. Nilijisifu kwa hilo njia nzima nikirudi nyumbani.

Na kwa kuwa nimeamua kusema ukweli, nitausema wote. Nililia nikiomba, na machozi yalikuwa ya kweli. Lakini nilipenda pia vile wote walivyogeuka kuniangalia. Nilipenda kuwa mimi ndiye ninayejua.

Mdomo uliponza kichwa, walisema wazee. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Kufikia Jumamosi asubuhi ombi lilikuwa limeingia kwenye kundi la mashabiki, jina limeshaongezwa, na kutoka hapo likaenda kwenye makundi ya makanisa. Hakuna aliyelituma kwa ubaya. Kila mmoja aliandika "tuombe." Saa nne lilikuwa Nyansiongo, katika kanisa ambalo mama yake ni shemasi.

Nimesimuliwa na mtu aliyekuwepo. Kiongozi wa maombi alimwita mama mbele. Akaenda, akapiga magoti, akidhani anaombewa presha yake inayomsumbua. Wakamwekea mikono. Na ni ndani ya maombi yenyewe, macho yakiwa yamefumbwa, alipoanza kusikia: mwanawe, sigara, picha ya kifua. Hakuna aliyemweleza kabla, maana kila mmoja alidhani mwenzake ameshamweleza. Wakasema amina. Akainuka, akarudi mahali pake, akafungua kitabu cha nyimbo. Hakuimba.

Ningekuwa karibu ningeomba ardhi inimeze.

Jumatatu sauti ya asubuhi ikawa ya mtu mwingine, mwenye haraka, asiyejua kutamka majina ya vijiji vyetu. Akasema mwenzake yuko likizo. Kundi likaamua kwenda kumwona Nyaberi nyumbani, na sare, na mayai, na mkungu wa ndizi. Nikawaambia tusiende, wakaniuliza nimekuwa na roho ngumu tangu lini. Wakaenda. Mke wake akatoka mpaka langoni, akapokea mayai, akawashukuru, akafunga. Wao wakapiga picha hapo langoni na kuzituma kwenye kundi.

Nilimwandikia kumwomba msamaha. Zikatokea zile alama mbili za buluu, na basi.

Jana nikaona siwezi tena. Nikachukua sukari na mkate, nikaenda Nyansiongo kwa mama yake. Nilijiambia naenda kumwomba radhi. Ukweli ni kwamba nilitaka anigombeze, anitukane hata, ili nirudi nikiwa nimelipa.

Nilimkuta ameketi mlangoni akipukuchua mahindi. Nikasema kabla hata sijakaribishwa kiti.

"Mama, ni mimi niliyesema kanisani kwetu. Ni kwangu lilikotoka."

Akaniangalia, akaendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha.

"Wewe ndiye fundi wa Ogembo? Alikuwa akikutaja kwa redio. Kaa, unywe chai."

Chai ikaja, ya maziwa mengi. Tuliongea Kikisii, na kwa lugha yetu maneno yake yalikuwa ya upole zaidi ya haya ninayoyaandika.

"Nisamehe, Mama. Hukujua, ukaja kujulia mbele ya watu wote."

"Nani amekwambia sikujua?"

Nikaweka kikombe chini.

"Nimemzaa, nimemfulia nguo, nitakosa kujua harufu? Miaka mingi najua." Akanyoosha mkono kunionyesha msumari ukutani, karibu na mlango. "Kila Jumapili akifika anavua lile koti ulilomshonea, anatundika pale. Sigara ziko ndani, ninaziona. Saa nne mpaka jua lishuke haligusi. Anakunywa chai, ananiulizia ng'ombe, analiangalia koti, haligusi. Kwa sababu mimi niko. Ilikuwa siku moja kwa wiki, mwanangu. Nilikuwa namwambia Mungu, sasa niongezee ya pili."

Msumari ulikuwa mtupu.

"Kunificha ilikuwa heshima yake kwangu," akasema. "Na mimi kujifanya sijui ilikuwa heshima yangu kwake. Sasa ananionea haya. Jumapili nne hajaja. Anavuta ngapi huko aliko, sijui."

Jamani. Nilienda huko nikidhani nimefichua siri. Kumbe nimevunja kitu walichokuwa wamekijenga wawili, polepole, bila kuambiana neno. Yule mtu alikuwa na siku moja ya kupumua, na mimi na maombi yangu ndio tuliomnyang'anya.

Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Aliinuka akanijazia maziwa kwenye chupa, maana kwake mgeni hatoki mikono mitupu, akanisindikiza mpaka barabarani kama desturi inavyotaka. Tulipoagana akanishika mkono.

"Hili pia," akasema, "usilipeleke kwenye maombi."

Yale maziwa sijayanywa. Yako pale karibu na pasi, yameanza kuganda.

Leo asubuhi nimeacha ukatibu. Niliwaandikia kwamba ni mimi niliyelitoa ombi lile, na kwamba niliombwa nisiseme. Nimemwomba yule mama wa Kiogoro aache kuhesabu vikohozi vya watu, hata huyo mpya akianza kukohoa. Wengine wameniita msaliti, wengine wameniambia nisijilaumu, nia yangu ilikuwa njema. Hao wa nia njema ndio wanaoniuma zaidi. Swali lao la mwisho likawa lile lile: lakini majibu ya picha yalisema nini?

Sijui. Na ninavyotamani kujua! Hata sasa, baada ya yote haya, natamani. Nimegundua kwamba hamu hiyo nilikuwa nikiiita upendo.

Maji yakimwagika hayazoleki. Siwezi kwenda kanisa kwa kanisa nikiwaambia watu wasahau walichokiombea.

Na sasa tazama, naandika tena habari zake. Jina nimebadilisha na hapa na pale nimepindisha kidogo ili asijulikane. Lakini hata ile Ijumaa sikutaja jina, sivyo? Vidole vyangu ni binamu za ulimi wangu.

Basi nitafanya hivi. Sitachapisha leo. Nitamtumia yeye kwanza asome yote, pamoja na sehemu ya mama yake. Akisema hapana, nafuta. Akinyamaza, nitahesabu kunyamaza kwake ni hapana, na haya yatabaki kati yangu na cherehani.

Mvua imepungua. Nina mifuko sita ya kushona kabla sijafunga.

*

Jumatatu nyingine, mchana. Jua kali, matope yamekauka barabarani.

Amejibu. Wiki nzima alinyamaza, nami nilikuwa nimeshaanza kufuta. Ujumbe wake ni mfupi: "Safari hii umeuliza kwanza, Fundi. Weka. Ila ile sentensi ya ngazini uitoe." Nimeitoa, na wewe unayesoma usiniulize ilikuwa inasema nini.

Chini yake ameongeza mstari mmoja: "Mama nimemsomea mwenyewe jana."

Jana ilikuwa Jumapili. Sijui kama alimsomea kwa simu, au kama alikuwa ameketi pale pale kwake, chai mkononi, koti likiwa kwenye msumari.

Sikumwuliza.