Buni Zilizomwagika Kwenye Nyasi

Kagondo, Jumapili. Mvua tangu alfajiri, na ukungu umekaa kwenye migomba kama hauna kwao. Nimeshinda nikielea, sijui ni furaha au ni usingizi tu.

Leo baba mkwe amekuja kutoka Muleba.

Nilimwogopa. Kwake hata paka hukaa kwa adabu. Mara ya mwisho tulipomtembelea, binti yangu Kemilembe alipiga magoti kuwapa wageni kahawa ya kutafuna. Mikono ikamruka, buni zote zikamwagika, na uso ukajikunja kana kwamba anawakejeli. Kwetu Wahaya kahawa ile ndiyo heshima yenyewe. "Waitu, mtoto huyu mmemlea wapi?" mzee aliuliza mbele ya watu. Nililia njia nzima.

Kumbe ulikuwa ugonjwa.

Daktari wa mjini aliniuliza kama mtoto aliwahi kuumwa koo. Koo! Liliuma msimu wa kukamata senene, wale panzi wa kuliwa, likapona, nikasahau. Akasema maradhi yale yameacha uvimbe kwenye ubongo, nao ndio unaomrusha mikono. Alimpa sindano za penisilini na amri ya kulala. Atatulia, alisema, ila hakusema lini.

Tangu hapo siku zetu ni kama ndoto. Namlisha ndizi kwa mkono wangu, natazama vidole vyake vikihangaika juu ya blanketi. Akisinzia, vinatulia kabisa. Hapo huacha kazi zote nikakaa kuvitazama, nikiogopa saa atakayoamka.

Siku hizi ana nafuu. Mwenda pole hajikwai, nasi tunaenda pole.

Mume wangu alikwisha kumweleza baba yake yote. Mzee aliingia, akaketi. Kemilembe akaomba ampe kahawa yeye mwenyewe. Nilitaka kukataa, nikashindwa na macho yake. Akapiga magoti, akanyoosha kikapu kwa mikono miwili. Kidogo afike.

Buni zikatawanyika kwenye nyasi za sakafuni.

Mtoto akaanza kulia. Mzee akashuka kitini, akapiga magoti mbele yake, akaziokota mojamoja na kuzitia kinywani. Akatafuna taratibu, kama alivyopaswa kutafuna siku ile.

"Nimepokea, mwanangu," alisema.

Ameshaondoka. Baadhi ya buni hakuziona, bado zimejificha pale. Kesho ni siku ya kutandika nyasi mpya, lakini hizi zenye buni sitaziondoa.