Picha ya Venisi Niliyoahidi Kutoituma

Dada Zamu,

Binamu yetu Rehema alinipigia simu siku ya pili baada ya mazishi yako. Alinieleza kila kitu kwa utaratibu wake: walikuswalia wapi, nani alikuja, nani alituma udhuru, jinsi magari yalivyoziba barabara pale Kansanga mpaka wenye maduka wakatoka kuyaongoza wenyewe. Cherehani yako amepewa yule binti uliyekuwa ukimfundisha kushona. Mwishoni akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja jina la mtaa, "Basi kaka, Zamu wa Albamu amepumzika."

Nikasema, "Amepumzika." Nikamshukuru, nikaweka simu chini. Chai niliyokuwa nimejimiminia ikapoa mbele yangu.

Ningeweza kumkatiza. Ningeweza kusema, usimwite hivyo, hasa leo. Sikusema. Nimekuwa mtu wa kutosema kwa karibu miaka hamsini, na sasa nimekuwa mzee anayemwandikia dada yake aliye kaburini kwa sababu alishindwa kumwandikia alipokuwa na anwani.

Unakikumbuka kiangazi kile. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili huku Uingereza, na huko Kampala wanajeshi walikuwa mwaka wa tatu madarakani. Wenzangu wengi walirudi kwao likizo. Baba ndiye aliyeandika kwamba nisije. "Hapa hakuna la kuona," aliandika kwa mwandiko wake wa sajini wa polisi, herufi zimesimama kama gwaride. "Tembea miji ya huko. Utuonee na sisi." Nawe ukaongeza chini kwa penseli: "Na ulete picha zenye wewe ndani yake. Majumba ya watu tumeyaona kwenye kalenda."

Nikatembea. Nilikuwa na tiketi ya treni ya wanafunzi iliyoniruhusu kuvuka nchi kama mtu anavyovuka vyumba vya nyumba yake. Paris nilitembea mpaka soli ya kiatu cha kushoto ikafumuka, nikaifunga kwa kamba nikaendelea. Viena niliingia jumba la makumbusho kukwepa mvua, na mlinzi mmoja akanifuata chumba kwa chumba. Nikadhani ni heshima wanayowapa wageni, nikawa namwamkia kila tukiingia chumba kipya. Niliyaandika hayo kwenye kadi, nawe ulinijibu kwamba Baba alicheka mpaka akavua kofia.

Lakini kuna jambo sikuliandika. Nilifurahi, Dada. Nilifurahi kupita kiasi. Kuna asubuhi nzima huko Viena ambazo sikuwakumbuka ninyi hata mara moja. Nilikaa kwenye ngazi za makumbusho nikila mkate, nikitazama watu wasioogopa gari likisimama ghafla kando yao, na baada ya siku chache nami nikasahau kuogopa. Nadhani kosa langu lilianzia hapo. Mtu aliyesahau kuogopa hawezi kuwakumbukia wengine hofu yao.

Venisi nilifika adhuhuri. Nilikuwa juu ya kidaraja fulani, nimekwama na ramani, nikasikia nyuma yangu mshangao wa kwetu, "Banange! Mji gani huu hapana barabara?"

Niligeuka kama mtu aliyeitwa na mama yake.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, koti limemkaa dogo mikononi. Alinitazama usoni kama anayetafuta sura ya mtu anayemfahamu, akatazama na kamba ya kiatu changu, akaangua kicheko. "Wewe natoka wapi? Mbuya? Mutoto ya Sajini? Sajini gani, ile ya gereji ya polisi?" Nilipokubali, alinishika mabega yote mawili pale darajani, watu wakawa wanatupita kwa shida. Baba aliwahi kumtengenezea gari lake. Alikuwa kapteni jeshini, akatoroka kupitia Kenya mwaka ule wa kwanza, wenzake walipoanza kuitwa mmoja mmoja wasirudi. Sasa alikuwa akiosha vyombo katika hoteli. Sikukutajia jina lake kamwe na hapa pia nitamwita Kapteni, kwa kuwa ana watoto mahali fulani.

Tulitembea pamoja siku mbili. Hakuwa amezungumza lugha yetu miezi mingi, na alizungumza kama mtu anayekunywa maji baada ya kufunga. Alinieleza makanisa kana kwamba ameyajenga yeye. Aliniuliza bei ya matoke. Aliniuliza kama muziki wa Kabalagala bado unasikika mpaka mlimani, nami nikamdanganya kwamba unasikika, kwa sababu niliona anataka hivyo.

Siku ya pili, kwenye uwanja ule mkubwa wenye njiwa, alimsimamisha mama mmoja mtalii akamwomba atupige picha kwa kamera yangu. "Tangu nitoke nyumbani sina picha," alisema. Akaweka mkono begani kwangu, akanyooka kijeshi. Njiwa mmoja alitua kwenye mkono wangu wakati huohuo; nikacheka.

Kamera iliporudi mikononi mwangu, uso wake ulikuwa umebadilika. Alinishika kifundo cha mkono.

"Sikia, kijana. Ile ingine yote, sawa. Hii ya watu wawili usipeleke nyumbani. Weka kwako. Kule wanatafuta uso yangu."

"Ndiyo, afande."

"Sema naahidi."

"Naahidi."

Hilo ndilo ambalo hukuwahi kulijua, Dada. Uliondoka duniani bila kulijua.

Niliporudi chuoni nikasafisha filamu. Picha zilikuwa nzuri, na karibu zote zilikuwa majumba. Minara, ngazi, sanamu za farasi. Palipokuwa na mimi, ama nilikuwa kivuli mbele ya dirisha au kichwa kimekatwa na mpita njia aliyenipiga. Picha moja tu ilinionyesha nilivyotaka mnione: nimesimama, nacheka, ndege mkononi, nyuma yangu kanisa kama la ndotoni. Nilikuwa mwanaume aliyeiona dunia. Na kando yangu alikuwa Kapteni.

Nilichukua mkasi. Nataka uamini hilo, nilichukua mkasi kweli. Lakini mkono wake ulikuwa begani kwangu, na nikimkata yeye ungebaki mkono usio na mwenyewe juu ya koti langu. Ingeharibika. Niliuzungusha mkasi nikitafuta pa kupita, sikupaona, nikauweka chini. Nikajiambia: picha itakaa nyumbani kwetu, nani ataiona? Nikaandika nyuma, "Mimi na rafiki, Venisi," nikaitia kwenye bahasha.

Nani ataiona! Nilikuwa nimelelewa nyumba ileile uliyolelewa wewe. Nilijua kwamba mgeni hawezi kuachwa mikono mitupu kwetu, kwamba anaketi kabla maji hayajachemka, na kabla hayajachemka albamu iko mapajani mwake. Tangu Mama afariki hiyo ilikuwa kazi yako. Ulikuwa ukisimama nyuma ya kiti na kueleza kila ukurasa. Nilijua, tena nilitaka. Ukweli kamili ndio huo: nilitaka wageni wanione.

Mengine wewe ndiye uliyenieleza, na kwa kuwa uliyaeleza mara moja tu nimeyashika kama yalivyo.

Ilikuwa Jumatano alasiri. Jamaa wanasema Jumapili, si kweli. Baba alikuwa bado kazini. Alikuja mtu mwenye shati la maua na viatu vya kisigino kirefu, na miwani myeusi ambayo hakuivua ndani. Ulijua ni watu gani huvaa hivyo, wale wa usalama wa serikali. Kampala nzima ilijua. Lakini alikuamkia vizuri. "Hujambo, dada yangu? Muzee iko? Nataka atazame gari yangu." Ungefanyaje? Ukimfukuza mtu wa namna ile ni vibaya, na ukimwacha ameketi bila kitu ni vibaya zaidi. Ukaweka maji jikoni, ukamletea albamu. Ukasimama nyuma ya kiti, ukaanza: hapa kaka yangu yuko Paris, hapa ni Viena, hapa mvua ilimfukuza.

Kwenye ukurasa wa Venisi aliacha kufungua.

"Na huyu nani, iko na kaka yako?"

"Rafiki yake. Wanasoma pamoja."

"Rafiki muzuri," akasema. "Navaa muzuri." Akaichomoa picha kwenye pembe zake za karatasi, taratibu, asiichane. "Nitarudisha." Hakungoja chai.

Siku ya tatu, mchana kweupe, walimchukua Baba kwenye lango la gereji wakamtia kwenye buti ya gari. Wenzake waliona. Mpaka leo hatuna kaburi lake.

Uliniandikia maneno machache: usirudi, Baba amechukuliwa, kosa ni langu, nilimpa mgeni albamu. Nilisoma maneno hayo ya mwisho nimesimama mlangoni kwa mwenye nyumba. Siku ileile ningeweza kuchukua kalamu nikakwambia kuhusu ahadi. Badala yake nilijibu kwamba usijilaumu, wakati ni mbaya, tumwachie Mungu. Barua ya upole. Mtu yeyote angesema ni barua ya ndugu mwema.

Miezi kadhaa baadaye Kapteni alinipigia simu chuoni. Habari zilikuwa zimemfikia, sijui kwa njia gani. Aliuliza kitu kimoja tu: "Ile picha unayo?" Nikasema ninayo. Nikasikia akishusha pumzi. "Haya. Basi ni kitu ingine. Pole, kijana." Sikumsikia tena.

Shangazi akakuita Zamu wa Albamu kwenye matanga ambayo hayakuwa na maiti. Wanawe wakalichukua jina, na wana wa wanawe wakalikuta tayari, wakadhani ni la heshima. Yule mwalimu aliyekuwa akikuposa, watu wake wakasema mwanamke anayeuza baba yake kwa kikombe cha chai atauza nini kesho? Akaacha kuja. Hukulalamika. Ulihamia Kansanga, ukawa mshonaji, ukalipia shule watoto wa haohao waliokusema.

Nilikuja utawala ule ulipoanguka. Ulinipikia. Ulizungumza juu ya kila kitu, ukanionyesha vyumba viwili vyako, kisha ukaketi kibarazani na kuniuliza bila kunitazama, "Yusufu, wewe wanilaumu? Niambie tu. Wengine wote wamekwisha niambia."

Mlango ulikuwa wazi kabisa, Dada. Ulikuwa umeufungua wewe mwenyewe. Nilichotakiwa ni kupita.

Nikasema, "Sikulaumu. Nilikwisha kukusamehe zamani."

Ukalia. Ukanishika mkono ukaubusu. Mkono huu huu.

Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu, nimefanya kazi maktaba miaka thelathini, na sijakutana na mtu aliyefanya jambo dogo na chafu kama lile: kumsamehe mtu mwingine kosa langu mwenyewe, na kupokea shukrani zake. Nilijiambia nitakwambia kesho yake. Kesho yake ulikuwa mchangamfu, unaimba ukifua, nikasema, kwa nini nimrudishe nyuma? Niliuita huo huruma. Ulikuwa woga. Niliogopa kwamba mtu pekee duniani aliyekuwa bado akiniona kama yule kijana mwenye ndege mkononi angeacha kuniona hivyo.

Nikarudi huku. Tukazeeka kwa simu. Kila Idi uliniuliza nitakuja lini nami nikawa na sababu, na sababu zangu zote zilikuwa na adabu. Mwaka jana uliniambia, katikati ya habari za mvua, kwamba huwa unamwota yule mtu wa shati la maua, na kwamba ndotoni unamwambia maji hayajachemka, ngoja, usifungue bado. Nikasema, "Pole, Dada." Nikauliza kama umepata dawa ya magoti.

Sikuombi msamaha hapa. Kuuomba kwa mtu asiyeweza kukataa ni kujipatia tena kitu cha bure.

Lakini nimemwambia Rehema nitakuja kwenye arobaini yako. Alidhani sikusikia vizuri. "Kaka, na umri huo? Na baridi ya mifupa?" Nikasema nitakuja. Watakuwapo wote, wana wa Shangazi na wajukuu, na wale vijana wanaokuita jina lile bila kujua lilikotoka. Nitawaeleza niliyokueleza hapa, kwa mpangilio huu huu: Kapteni, ahadi, mkasi, bahasha. Nitawaambia ulimpa mgeni kilichokuwa haki ya mgeni, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeshakitia sumu. Sitawaomba wanisamehe. Nitawaomba wakutake radhi wewe, mmoja mmoja, kwa jina lako ulilopewa na Mama.

Nitasema nikiwa mlangoni, kabla sijaketi. Nikiketi wataniletea chai, na nikishashika kikombe nitanyamaza. Najijua.

Pumzika, Dada. Naja.

Ndugu yako,
Yusufu