Redio ya Akiba Kilimani

Jumatano, 14 Januari 1998
Mvua tena. Elinino hii! Viroba vya mawe ya dhahabu vimelowa, kimoja kinalemea kama viwili. Mgongo umekataa, nao hauna pa kukatalia.

Dereva wa lori la mchele anasema barabara ya Ushirombo imekatika, daraja limeondoka na maji. Basi siendi nyumbani. Mektilda wangu yuko hospitali ya misheni hukohuko tangu wiki iliyopita, anasubiri kujifungua. Wawili wa mwanzo hawakukaa. Huyu ni wa tatu.

Kwetu jina la mtoto hutoka kinywani mwa baba, mama alisikie kwa masikio yake, kabla mtoto hajatolewa nje. Si barua, si salamu za kutumwa. Baba asiposikika, mkubwa wa familia anataja. Mkubwa ni kaka Frank. Naye ameshatangaza: ataitwa Tabu, ili kifo kimdharau kimpite. Tabu! Ninazo za kutosha mimi. Nataka Serafina, jina la marehemu mama. Akiwa wa kiume nitaona.

Alhamisi, 15 Januari
Nimewaza redio mchana kutwa. Misheni wana simu ya upepo. Tajiri wetu Altaf anayo kubwa nyumbani kwake Kalangalala, inafika mpaka Ushirombo, na nyingine ndogo ya kusema na kambi. Hapa kambini tuna ile ndogo ya mkononi. Lakini kilima kimekaa katikati kama mlevi mlangoni. Huku chini ni shwaa, shwaa. Kumpata Altaf mpaka upande juu kabisa, na redio haitoki kambini bila msimamizi, na msimamizi hapandi kilima kwenye matope. Halafu nani ajuaye misheni wataita lini? Nikikaa kilimani kungoja, kazi nimeacha.

Jilala, mwenzangu wa winchi, anacheka. Anasema nimwachie kaka jina, mimi nibaki na mtoto. Yeye watoto hawapendi, kelele tu.

Ijumaa, 16 Januari
Nimepanda lori la dizeli mpaka Kalangalala. Nikamwamkia mke wa Altaf.
“Shikamoo, Mama Naznin.”
“Marahaba. Leo umekuja na uso wa kuomba, Clemens.”
Nikamweleza yote, hata habari ya Tabu. Akashika kichwa. “Tabu? Mtoto mchanga? Astaghafirullah!”

Akanipeleka stoo. Kuna redio iliyofunguliwa kwenye Landrova iliyokufa, na moja ya mkononi ya akiba. Zimelala tu. Akamwita Kaushik, fundi redio wa duka la jirani. Kaja anatafuna karanga, na nyumba nzima wamefunga! Mama Naznin akamtimua uani, tukaongelea huko.

Kaushik anasema hizo mbili ziwekwe juu ya kilima. Moja isikie Kalangalala, nyingine irudie kambini. Na kambini wakisema, vilevile kurudi. Kaziunganisha kwa nyaya, moja ikipata sauti inaibonyeza mwenzake yenyewe. Altaf kakubali, mradi betri nibebe mimi. Kwani mengine yote nani hubeba?

Jumamosi, 17 Januari
Nimepandisha betri ya lori kichwani. Matope mpaka magotini. Jilala kabeba mti wa antena, anatukana njia nzima kwa Kisukuma. Tukasimamisha, tukafunika kwa turubai, nikawasha.

Mama yangu! Ikapiga mluzi — mkali, mrefu, kama filimbi ya refa aliyerukwa na akili. Kambini redio nayo ikapiga. Watu wakatoka mashimoni wanakimbia. Nikazima, nimechelewa.

Hapa mluzi ni mwiko. Ukipiga mluzi duarani, kwenye shimo la kuchimbia, dhahabu inahama. Mimi nimepigia kilima kizima!

Jumapili, 18 Januari
Badala ya misa, kikao. Wazee wa maduara wamekaa juu ya magogo, mimi nimesimama. Mmoja anataka redio ishuke leo. Mwingine anataka nishuke nayo mpaka Ushirombo. Nikawaambia ukweli: mke wangu, mtoto, jina. Nikawaambia wangapi humu hawajasikia sauti ya nyumbani tangu mvua zianze? Wakanipa siku mbili. Ikipiga mluzi tena, mzee mmoja ataivunja kwa nyundo yake. Na duara lisipotema dhahabu, ataivunja vilevile.

Jumatatu, 19 Januari
Kosa ni langu. Kaushik alisema redio moja iwe chaneli namba moja, nyingine namba mbili. Mimi nimeziweka zote namba moja — nilidhani ndugu wasemezane lugha moja. Kumbe zilikuwa zinajisikia zenyewe na kujijibu! Nimepanda alfajiri, nimebadilisha ile ya mkononi, na ya kambini nayo nimeihamishia mbili.

Nikashuka mbio. Nikabonyeza. “Kalangalala, Kalangalala, mnanipata?”
Nikabandika sikio kwenye redio.
Halafu, kama yuko jikoni hapa: “Nakupata, Clemens! Usipige kelele, sisi si viziwi!”
Mama Naznin! Nimeruka. Jilala karuka. Msimamizi kasahau kutukemea. Kilima kimeshindwa!

Jumanne, 20 Januari
Duara la mashariki limetema! Mawe yanameta hata bila kuoshwa. Mzee yuleyule wa nyundo sasa anasema ule mluzi uliita dhahabu, haukuifukuza. Ananiuliza kama ninaweza kuurudia. Nimemwambia siwezi. Jioni watu wamepanga mstari kutuma salamu Kahama. Wananiita Posta.

Jumatano, 21 Januari
Viroba tu. Hakuna habari. Sijala vizuri.

Alhamisi, 22 Januari
Saa tisa mchana redio imeita. Mama Naznin anapiga yowe: “Clemens! Wa kike! Kazaliwa alfajiri, mzima, mama mzima!” Winchi imesimama. Nimekaa chini kwenye matope bila kujua.

Akaendelea: kaka Frank yuko palepale misheni, amevaa koti, anataka mtoto atolewe leo kabla jua halijazama, na jina analo. Nikamwambia namwomba Mektilda redioni. Akasema, “Mtoto wa watu, futari yangu inaungua, lakini subiri.” Hiyo redio ndogo yake ataishika mdomoni mwa ile kubwa, sauti ipite.

Imepita! Nimemsikia kaka. “Mdogo wangu, uko mbali. Acha wakubwa wafanye kazi ya wakubwa.”
Nikasema shikamoo kwanza. Kisha nikasema: “Kaka, baba nipo. Nasikika. Mtoto anaitwa Serafina.”

Kambi nzima imezunguka ndoo ilipowekwa redio. Na kwenye mawimbi kumbe wamejaa wengine! Sauti nisiyoijua, ya kambi gani sijui, ikaingia: “Serafina, tumesikia huku!” Mama Naznin akaifukuza.

Kaka akasema hilo ni jina la mama yetu, nani kaniruhusu? Na mama mtoto hajasikia chochote, yuko wodini. Sista wa pale misheni akamjibu kwamba Mektilda anakuja kwa ukumbi wa ndani, anatembea polepole, anamleta mtoto mwenyewe.

Sasa tunangoja. Naandika hapahapa kando ya ndoo. Mvua imeanza. Macho yetu yote kilimani, radi isiguse mti ule. Mzee wa nyundo amevua kofia.

Taa ya kijani ya redio imewaka. Mlango huko unalia. Kaka anasema, “Kaa hapa, shemeji, taratibu.” Pumzi ya mtu. Hiyo pumzi naijua.
“Clemens?”
Kabla sijabonyeza, mtoto analia — sauti imejaa kambi nzima, imemeza mvua, na Jilala, huyu asiyependa watoto, ameinamia ndoo anaitikia: “Naam, Serafina! Naam, mama! Baba yako huyu hapa, anaandika —”
Nimebonyeza, nimesema Serafina kwa kinywa changu, naye Mektilda amejibu: “Nimesikia.”