Kiti Kilichoupa Mlango Mgongo

Mwaka umetimia, Baba, tangu kiti chako kibaki kitupu pale sebuleni, na hakuna kati yetu aliyethubutu kukikalia.

Kiti hicho ulikiweka kikiupa mlango mgongo. Ulipopewa uwaziri wa maji, walinzi walikusihi ukigeuze. Ulicheka tu. “Anayekaa akitazama mlango ana safari. Mimi siendi popote.” Babu yako ndiye aliyeshuka melini na cherehani yake, wewe umezaliwa hapa, lakini kila uchaguzi watu waliuliza kwenu wapi. Ukawajibu, “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nilipewa, shamba nimelima, bado mnangoja niage?” Hata waliokuja kukuzomea walicheka.

Tunakumbuka maji uliyotuletea. Kila bomba ulilozindua ulikunywa wewe kwanza, glasi nzima, Mama akinuna kwa ajili ya tumbo lako. Tunakumbuka ulivyowamenyea wajukuu machungwa bila ganda kukatika, nao wakagombania ganda.

Lakini leo, Baba, tunaogopa. Sanamu yako ipo mbele ya ofisi ya maji, imefunikwa turubai, na itazinduliwa Jumamosi. Juzi dereva wako alikuta imeandikwa miguuni kwa rangi nyekundu: RUDINI KWENU. Wewe umeshazikwa. Hayo tumeandikiwa sisi.

Tangu hapo simu ikilia tunatazamana. Mjukuu wako mdogo ameuliza kama kwetu ni mbali. Mama aligeuza viti vyote vitazame mlango, isipokuwa chako.

“Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio,” alisema. “Kilio nimeshakipata. Tusiende kwenye uzinduzi.” Hatukumbishia, maana tulitaka aseme hivyo.

Jana jioni tulimkuta amekaa kwenye kiti chako, ametulia, anatazama kabati la vyombo.

“Njooni muone.”

Tuliinama mmoja mmoja. Kwenye kioo cha kabati mlango ulionekana wote, mpaka kitasa.

“Kumbe mume wangu naye alikuwa anaogopa,” Mama akasema. “Miaka yote hiyo. Anaogopa, na bado amekaa.” Akajifuta macho. “Haya, pigeni pasi nguo za Jumamosi.”

Tutakuwa mstari wa mbele, barabara ikiwa nyuma yetu, na kioo hatutakuwa nacho.

Ni sisi: mkeo, mabinti zako wawili, dada yako, wajukuu, na dereva wako aliyeomba akae pembeni ya Mama.

Tupo hapa, Baba, na ni hapa tutakapokukumbuka daima.